Kutoka Karema hadi Bagamoyo: Historia ya Hadubini na Ujio wa Picha za Ukokotoaji Tanzania

Kapalamsenga ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, katika nchi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Mpanda kabla mkoa haujamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mwandishi wa historia ya sayansi ya nuru nchini Tanzania angeweza kuipita sehemu hii bila kusimama, kwa kuwa si mahali pa maabara za leza wala idara za fizikia. Hata hivyo, mambo yote yaliyoileta hadubini Afrika Mashariki, yaani malaria, malale, homa ya papasi, kifua kikuu na mawe yenye madini, yalikuwapo katika ukanda huu wa kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, na kwa sababu hiyo historia ya chombo hicho, pamoja na ya elimu mpya inayokibadilisha leo, inaweza kusimuliwa kutokea hapa bila kulazimishwa. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba kilichoadimika magharibi mwa Tanzania kwa zaidi ya karne moja ni jicho lililofunzwa, kuliko hata kioo chenyewe, na kwamba elimu ya picha za ukokotoaji ina uzito wa pekee huku kwa kuwa inagusa uhaba huohuo.

Picha za ukokotoaji ni picha ambazo kazi ya kuzitengeneza imegawanywa kati ya lenzi na kompyuta. Katika hadubini ya kawaida, lenzi humaliza kazi yote, na kinachofika kwenye jicho au kwenye kamera ndicho picha yenyewe, ikiwa nzuri au mbaya. Katika njia hii ya pili, kamera hukusanya vipimo ambavyo pengine havifanani hata kidogo na kitu kinachotazamwa, kisha hesabu hutafuta ni kitu gani, kati ya vyote vinavyowezekana, ambacho kingeweza kutoa vipimo vile. Wanahisabati huliita swali la aina hiyo tatizo la kinyume, kwa sababu linaanzia kwenye matokeo na kurudi kwenye chanzo. Sababu ya kuhitaji hesabu ni kwamba wimbi la nuru lina sifa mbili, nguvu na awamu, yaani mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake, na kamera yoyote huandika nguvu peke yake na kuipoteza awamu. Chembe hai nyingi ni angavu, hazipunguzi nguvu ya nuru bali huichelewesha tu, kwa hiyo habari zake zimo katika ile sifa inayopotea. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani hii hujifunza nadharia ya mawimbi, uchambuzi wa Fourier unaoigawanya picha katika mistari minene na myembamba inayoiunda, takwimu, na uandishi wa programu, na pia hutakiwa kufunga lenzi kwa mikono yake, maana hesabu isiyojua kasoro za chombo hutoa picha ya kupendeza iliyo ya uongo.

Msingi wa fani hii uliwekwa wakati misafara ya Wazungu ilipoanza kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1873 Ernst Abbe, akiwa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba hadubini haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kuliko takribani nusu ya urefu wa wimbi la nuru, hata lenzi ing'arishwe kwa ustadi gani. Miaka sita baadaye, mwaka 1879, msafara wa Wabelgiji ulioanzia pwani ulijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Huko Karema ndiko alikofikia Adrien Atiman, mtu anayestahili nafasi kubwa zaidi ya aliyopewa katika vitabu vya historia ya tiba nchini. Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadri hao, kisha akapelekwa Malta kusomea uganga wa kisasa; alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa huko na kuwatibu watu wa ufuo wa ziwa hadi alipofariki mwaka 1956.

Miaka ya masomo yake ina uzito wake katika historia ya hadubini. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria katika damu ya askari mmoja huko Constantine, Algeria. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kumwona bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimtenga bakteria wa homa ya Malta katika kisiwa kilekile alikosomea Atiman, na Bruce huyohuyo mwaka 1903 alikuwa Uganda akithibitisha kwamba malale husababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Elimu ya kuutambua ugonjwa kwa kuutazama ilizaliwa, kwa hiyo, katika miaka ileile ambayo Mwafrika mmoja alikuwa akiandaliwa kuja kutibu Karema, na kwa muda mrefu baada ya hapo ukanda mzima wa ziwa ulimtegemea mtu huyo mmoja na wasaidizi wake.

Utawala wa Wajerumani uliileta hadubini kwa wingi, lakini uliileta kwa kampeni. Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria, akarudi tena na mwaka 1905 akafuatilia jinsi papasi wanavyoeneza homa inayorudi-rudi katika vibanda vya njia za misafara. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kuchunguza malale, ambako dawa ya atoksili aliyoitumia iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 kwamba kimelea hukua ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa kabla mdudu huyo hajaweza kuambukiza. Kambi za malale zilijengwa pia kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, na njia ya uchunguzi ilikuwa moja: tezi za shingo ya mtu zilipapaswa, zilizovimba zikachomwa sindano, na tone la majimaji yake likatazamwa vimelea vikiwa bado vinacheza. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza uchunguzi huo, na kuanzia miaka ya 1920 wakawahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kutoka katika misitu yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi makubwa, ambako ilikuwa rahisi kuwapanga mstari na kuwapima damu. Si haki kuikana faida ya upimaji ule, kwa maana malale huua asipotibiwa mgonjwa. Lakini ni haki pia kusema kwamba aliyepimwa hakuonyeshwa kamwe kilichoonekana ndani ya kioo, na kwamba kampeni ilipohama, hadubini na msomaji wake walihama nayo.

Hadubini ya pili ya Mpanda ilikuwa ya mawe. Baada ya madini ya risasi kugunduliwa katika eneo hilo mwaka 1934, kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi, na reli ya kutoka Kaliua ikafika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo, ambao ulikuwa umefungwa ilipofika 1960. Wanajiolojia walikata mawe, wakayang'arisha hadi yakawa kama kioo, kisha wakayatazama kwa nuru inayoakisiwa, wakitambua kwa rangi na mng'ao ni wapi risasi inaishia na shaba inaanzia. Reli ilibaki, na watu wa Katavi wanaitumia hadi leo.

Baada ya uhuru ndipo hadubini ilipoanza kukaa mahali pamoja. Mwaka 1977 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyeupata ugonjwa huo mwenyewe katika kambi za mateso za Wanazi, na mpango huo ulijengwa juu ya jambo moja: makohozi ya mgonjwa yatazamwe kwa hadubini katika wilaya anakoishi, na tiba isimamiwe hukohuko. Kutokana na kazi hiyo ya Tanzania na ya nchi jirani, Shirika la Afya Duniani lilipata mfano ambao katika miaka ya 1990 uliitwa DOTS na kuenezwa ulimwenguni. Hili ni jambo la kujivunia ambalo halisemwi vya kutosha, kwamba ulimwengu ulijifunza namna ya kupambana na kifua kikuu kutoka katika maabara ndogo za wilaya za Tanzania.

Inafaa kuitazama kwa karibu kazi iliyofanyika, na inayofanyika bado, ndani ya chumba cha namna hiyo, kwa mfano wa upimaji wa malaria. Mtaalamu wa maabara hutoboa kidole, huweka tone nene la damu juu ya slaidi, hulisambaza kwa mzunguko na kuliacha likauke lenyewe, kisha hulipaka rangi ya Giemsa iliyochanganywa na maji. Maji hupasua chembe nyekundu, zikabaki chembe nyeupe na vimelea peke yake. Tone la mafuta huwekwa juu ya slaidi ili nuru isipotee kati ya kioo na lenzi ya ukuzaji wa mara 100, na jicho huanza kutafuta pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu ubavuni. Sehemu inayoonekana kwa mara moja ina upana wa karibu sehemu moja ya tano ya milimita, na kanuni inamtaka msomaji apitie sehemu zisizopungua 100 kabla ya kuandika kwamba vimelea havikuonekana. Vikionekana, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe hadi zifike 200, akazidisha kwa 40 ili kukadiria idadi ya vimelea katika mikrolita moja ya damu. Slaidi moja isomwayo kwa uaminifu huchukua dakika nyingi, na msomaji mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, taa hafifu na macho yaliyochoka huanza kupunguza hesabu bila kukusudia. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha mstari mmoja au miwili, kilipoenezwa nchini kuanzia mwaka 2009, kiliupunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa, ila hakihesabu vimelea, hakioni papasi ameleta nini, na hakisomi makohozi.

Wazo la kuitumia simu badala ya hadubini lilijaribiwa mapema katika nchi hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Isaac Bogoch na wenzake walibandika kilenzi cha duara chenye kipenyo cha milimita 3 kwenye kamera ya simu kwa utepe wa gundi, wakamulika kwa tochi ndogo, na kuzitazama slaidi 199 za choo cha watoto wa Pemba. Chombo hicho kiliyatambua maambukizi ya minyoo kwa asilimia 69.4 ya yale yaliyothibitishwa na hadubini ya kweli, lakini kwa minyoo ya safura kilishuka hadi asilimia 14.3. Tofauti hiyo ina somo kubwa. Mayai ya safura yana ganda jembamba na angavu, na kitu angavu ndicho hasa ambacho kamera isiyosaidiwa na hesabu hukipoteza. Kilichoshindwa Pemba ni lenzi iliyoachiwa kazi yote peke yake, na hapo ndipo fani ya ukokotoaji inapoanza.

Mwaka huohuo wa 2013, Guoan Zheng, Roark Horstmeyer na Changhuei Yang wa Taasisi ya Teknolojia ya California walichapisha njia ambayo sasa husomwa katika karibu kila kozi ya uzamili ya fani hii. Walichukua lenzi dhaifu ya ukuzaji wa mara 2, yenye eneo pana la kuonea lakini isiyoona vitu vidogo, wakaondoa taa ya chini ya hadubini na kuweka ubao wa vitaa vingi vya LED. Kila kitaa kiliwashwa peke yake, na kwa kuwa kila kimoja hupiga slaidi kwa pembe yake, kila picha ilibeba kipande tofauti cha mistari myembamba ambayo lenzi isingeweza kuipokea kwa nuru ya wima. Zilipigwa picha 137, zote hafifu, kisha kompyuta ikaziunganisha kwa kukisia, kulinganisha na kusahihisha tena na tena, mpaka ukapatikana wimbi moja, lenye nguvu na awamu, linalokubaliana na picha zote. Matokeo yake yalikuwa picha ya eneo la milimita mraba 120 yenye kuonyesha vitu vya ukubwa wa mikromita 0.78. Eneo hilo ni sawa na sehemu zipatazo 4,000 za yule msomaji wa malaria. Ukweli unataka isemwe pia kwamba mikromita 0.78 hazitoshi kuuona wembamba wa pete changa ya kimelea, ambayo huhitaji uwezo wa kama robo ya mikromita; vyombo vya baadaye vilitumia lenzi zenye nguvu zaidi kulipunguza pengo hilo. Mbinu yenyewe ina ukoo mrefu: Dennis Gabor aliasisi holografia mwaka 1948, na Gerchberg na Saxton walionyesha mwaka 1972 jinsi awamu iliyopotea inavyoweza kurudishwa kwa hesabu za kurudiarudia. Kinachowagusa watu wa Mpanda ni kwamba ubao wa vitaa vya LED na lenzi dhaifu ni vitu vya bei nafuu. Sehemu ya thamani ni hesabu, na hesabu haipandishiwi nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Katavi.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Watanzania wenyewe kwa ushirikiano na wenzao. Hadubini iitwayo OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza na Richard Bowman na wenzake wa Cambridge na baadaye Bath, huchapwa kwa plastiki katika printa ya pande tatu. Jukwaa lake halisogei kwa reli zinazoteleza bali kwa plastiki inayopinda kidogo, na kupinda huko husogeza slaidi kwa hatua ndogo kuliko chembe yoyote ya damu. Michoro yake imetolewa bure. Jijini Dar es Salaam, kikundi cha STICLab, ambacho tayari kilikuwa kikitengeneza printa hizo kwa kutumia mabaki ya vifaa vya umeme, pamoja na Bongo Tech and Research Labs, waliichapa na kuiboresha, na Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chanzo chake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyofunguliwa Ifakara mwaka 1957, iliijaribu kwa slaidi za malaria Bagamoyo. Makala ya kisayansi ya mwaka 2020 iliyoitambulisha hadubini hiyo kama roboti ilibeba majina ya Watanzania wa taasisi hizo pamoja na ya Waingereza. Ndani yake mna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kamera yake ya bei ya chini, ambayo hutia rangi zisizo sawa pembezoni mwa picha; kasoro hiyo haiondolewi kwa kununua kamera ghali, bali kwa kuipima na kuitoa kwa hesabu. Anayeandika msimbo wa kuitoa anafanya, kwa maana kamili ya neno, kazi ya fani hii. Bagamoyo ndiko ilikoanzia misafara iliyoishia Karema katika karne ya 19, na njia ambayo wakati ule ilileta lenzi zilizotengenezwa Ulaya sasa inaweza kupitisha hadubini iliyotengenezwa nchini.

Majirani nao hawakukaa. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, John Quinn, Rose Nakasi na wenzao walifunga simu juu ya hadubini za kawaida kwa kishikizo kilichochapwa, na mwaka 2016 wakachapisha programu iliyojifunza kutambua vimelea vya malaria, bakteria wa kifua kikuu na mayai ya minyoo. Katika kituo cha afya cha Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, slaidi za wanawake 740 zilizochukuliwa kupima saratani ya mlango wa kizazi zilipigwa picha na mashine ndogo, zikatumwa kwa mtandao wa simu na kusomwa kwa msaada wa kompyuta, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kazi hizi ni nzuri, ila nyingi huanzia pale picha ilipokwisha kupigwa, zikiiachia nuru yenyewe ibaki kama ilivyokuwa siku za Abbe. Ni msomaji anayefundishwa upya, na chombo kinabaki kilekile.

Ili chombo nacho kibadilike wanahitajika wanafizikia, na historia ya kuwafunza katika bara hili ni fupi. Abdus Salam alianzisha kituo cha Trieste, Italia, mwaka 1964 ili wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kusomea bila kuhama nchi zao moja kwa moja. Mwaka 1991 mtandao wa Kiafrika wa leza na sayansi ya nuru uliundwa Dakar, Senegali. Jeremie Zoueu wa Yamoussoukro, Kodivaa, kwa kushirikiana na wanafizikia wa Lund, Sweden, alionyesha kwamba vimelea vya malaria vinaweza kutofautishwa pasipo kupakwa rangi, kwa kupiga picha moja kwa kila rangi ya LED na kuzilinganisha kwa hesabu, na mwaka 2010 ukaanzishwa mtandao wa Kiafrika wa picha za aina hiyo. Kigali ilipata mwaka 2018 taasisi ya fizikia iliyo tawi la kituo cha Trieste, inayofundisha hadi uzamivu. Tanzania ina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha iliyoanza kupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu mwaka 2011, ina Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na katika Mkoa wa Katavi wenyewe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefungua Kampasi ya Mizengo Pinda.

Vyuo hivyo vinashauriwa mambo mawili. La kwanza ni kuifundisha fani hii kwa pamoja, fizikia ya nuru ikitoka chuo kimoja, programu kingine, na slaidi hospitali, kwa kuwa hakuna idara moja inayoweza kuibeba peke yake. La pili ni kuwapeleka wanafunzi wa uzamili wakafanye tasnifu zao katika vituo vya afya vya wilaya kama Tanganyika na Mpanda, wajenge chombo mbele ya mtaalamu wa maabara atakayekitumia, na wakiache hapo tasnifu ikishakamilika, wakati mtaalamu huyo akiwa amefundishwa kukifungua, kukipima na kukirekebisha. Mwombaji wa shahada hiyo anayetoka Kapalamsenga, akiwa na hesabu nzuri za kidato cha sita na shahada ya kwanza ya fizikia, uhandisi au kompyuta, ana sifa zote zinazohitajika, na asisubiri kuambiwa kwamba jambo hili ni la watu wa mbali.